Herufi Zilizoruka Kama Kumbikumbi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu, na ambaye kabla ya kalamu alikwisha kumpa masikio. Namshukuru kwa umri alionijalia, kwa magoti ambayo bado yanakubali kusujudu ingawa yananung'unika, na kwa kumbukumbu ambazo hazijanitoka. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, ambaye hakusoma maandishi ya mkono wa mtu, na bado watu wa mashariki na magharibi wamesoma kwake.

Enzi zetu, ninyi wa rika langu mnajua, tulikuwa na utajiri ambao haukuingia mfukoni. Kijiji chetu cha Handeni kilikuwa kimehamia pamoja muda mfupi tu uliopita, zama za vijiji vya ujamaa, watu waliokuwa wametawanyika kila mmoja na shamba lake wakajikuta wamepangwa kwa mistari kama mahindi ya bwana shamba. Baba yangu alilalamika mwaka mzima kwamba jogoo wa jirani anawika ndani ya sikio lake. Sisi watoto tulifurahi kupita kiasi. Jana ulikuwa unacheza na mdogo wako na mbuzi, leo umeamka una wenzako wa kujaza uwanja! Tulicheza kombolela mpaka mama zetu wakachoka kutuita. Tulicheza rede kwa mpira wa matambara, na wavulana wakipiga danadana kwa kibofu cha ng'ombe siku za Idi. Tukirudi tunakuta bada, ule ugali wa muhogo, linafuka, mlenda pembeni, na mvua za kwanza zikinyesha tunapata kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi. Watoto wa siku hizi ukiwatajia kumbikumbi wanakunja uso, halafu wanakula vitu vya kwenye pakiti ambavyo hata nzi hawavigusi.

Asubuhi tulikwenda shule na mchakamchaka, vumbi jekundu likipanda mpaka kwenye nyusi. Kengele yetu ilikuwa ringi ya trekta iliyoning'inizwa kwenye mti, na aliyepewa kuigonga alijiona mkuu wa wilaya. Tulibeba jembe, ndoo ya maji ya bustani, na kuni. Alasiri tulikwenda chuoni kwa Maalim Shabani, tukakaa juu ya jamvi, tukasoma Kurani kwa kelele mpaka mbuzi waliokuwa wakipita wakasimama kusikiliza.

Katika yote hayo nilikuwa na kaka yangu Athumani. Tulizaliwa tukifuatana, na kwa sababu alirudia darasa la pili, nilimkuta hapo hapo, tukawa tunakalia dawati moja. Leo nataka kuwasimulia jinsi ilivyobaki kidogo aondolewe shule na nyumbani pia, na jinsi Mungu alivyomrudisha kwetu kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia.

Athumani alikuwa na masikio makubwa. Si matusi, ndiyo masikio ya ukoo wetu. Baba alikuwa nayo, babu pia, na mimi ninayo lakini nayafunika na ushungi, Alhamdulillahi. Masikio ya Athumani yalikuwa yanafanya kazi kuliko ya mtu yeyote. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa na redio, jioni watu wanakusanyika barazani kwake kusikiliza taarifa ya habari. Athumani akisikia mara moja, amemeza. Atarudi nyumbani, atasimama juu ya kinu kilichogeuzwa, atakohoa kidogo kama mtangazaji, na atasoma habari yote kuanzia salamu mpaka bei ya pamba, kwa sauti ile ile nzito. Wazee waliochelewa kutoka shamba walikuwa hawaendi tena kwa mwenyekiti, wanapita kwetu.

"Redio ya Mzee Mbaruku, leo umesikia nini?"

Naye atawasomea. Ndipo jina la Redio lilipomshika, na baba yetu, Mzee Mbaruku mwenyewe, alikuwa akitabasamu na kujifanya anatengeneza mpini wa jembe.

Chuoni ilikuwa vivyo hivyo. Maalim akisoma sura, Athumani anairudisha na kila irabu mahali pake. Lakini Maalim akishika kijiti na kusema, "Nionyeshe hapo ulipo," kidole cha Athumani kilitembea kwenye juzuu kama kuku aliyepotea njia. Maalim hakumkaripia. Alikuwa akimtazama, anapangusa miwani yake, anasema, "Haya, soma kwa kinywa." Mzee yule alikuwa ameshaona kitu, ila alikuwa mtu asiyetoa hukumu haraka.

Shuleni hakukuwa na miwani ya kupangusa. Kila mtoto alisimama na kusoma kwa zamu, na Athumani alikuwa amegundua ujanja. Jioni mimi nilikuwa nasoma kwa sauti karibu na mafiga, kwa sababu mama alipenda kunisikia. Athumani anamenya muhogo kimya. Kesho yake akiitwa, ananyanyuka na kitabu mkononi kama khatibu wa Ijumaa, anasoma kisa kizima bila kukwama. Mwalimu Komba, aliyetoka kusini na aliyekuwa mkali lakini mwenye haki, akimsifu: "Mnaona? Kurudia darasa si aibu."

Siku moja alipewa kisa cha mkulima na sungura. Akakisoma kwa madaha, akamwiga mkulima, akamwiga sungura, darasa linacheka. Akasoma, akasoma, akamaliza. Mwalimu Komba alikuwa amesimama nyuma yake.

"Athumani, kisa hiki kina kurasa ngapi?"

"Hiki hiki tu, mwalimu."

"Mbona hujafunua?"

Kweli alikuwa amesahau kufunua ukurasa. Sungura alikwisha kukimbilia msituni, na macho ya Athumani bado yalikuwa kwenye picha ya shamba. Mwalimu akaweka kidole kwenye neno moja. Athumani akalitazama mpaka jasho likamtoka puani. Akakihamishia kwenye jingine. Hilo nalo hakulijua. Darasa zima likaripuka kwa kicheko, na mtoto mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Redio mbovu!"

Jina hilo jipya lilifika nyumbani kabla yetu.

Wenzangu, watu wazima huwa tunadhani mtoto anasahau. Athumani aliacha kupanda juu ya kinu. Wazee wakipita na kuuliza habari, anasema hakusikia. Asubuhi tumbo linamuuma, na linapona saa ya kengele ikishapita. Aliyekuwa mwepesi wa kucheka akawa mwepesi wa kupigana, kwa sababu kila kona kuna mtoto anayemfokea "Redio mbovu, mpelekeni Lutindi!" Lutindi ni kule mlimani Korogwe, kwa wamisheni, walikokuwa wakitunzwa wagonjwa wa akili. Mama alipolisikia neno hilo kisimani alirudi na ndoo tupu.

Nyumbani kuliingia baridi. Baba aliona amedanganywa. Angekuwa na mtoto mzito wa kichwa, nadhani angemwonea huruma. Lakini mtoto anayeweza kubeba taarifa ya habari nzima kichwani, ashindwe na neno la herufi nne? Kwa baba jibu lilikuwa moja.

"Mvivu. Huyu ni mvivu na mkaidi."

"Baba Athumani, mtoto anajitahidi," mama anasema.

"Anajitahidi kunidanganya. Kwetu hakuna mjinga."

"Kwetu je, yupo?"

Hapo hakuna anayemega tonge mpaka bada linapoa. Sijapata kuwaona wakigombana juu ya kitu kingine chochote, hata mwaka wa njaa.

Bibi yetu mzaa mama alikuja kutoka Kerenge na dawa yake. Alipata kombe kwa sheikh mmoja: aya zimeandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, na Athumani akanyweshwa asubuhi kabla ya kula kitu. Bibi alimkalia mbele kuhakikisha hata tone halibaki.

"Zimeingia?"

"Zimeingia, bibi."

"Sasa zitakaa."

Akanywa mpaka bibi akarudi Kerenge. Maalim Shabani aliposikia, alicheka kwa upole. "Kombe ni dua, na dua ni njema. Lakini mama, tumwombe Mungu na tumtafutie mtoto njia pia. Herufi hazipiti tumboni." Athumani mwenyewe, siku moja tu katika kipindi kile chote cha huzuni, alinichekesha. Aliniambia, "Mwanaidi, sasa nimezimeza zote. Zinaruka humo humo ndani."

Baba aliamua. Mavuno yakiisha, Athumani ataondoka shule, atapelekwa Mashewa kwa shangazi yetu, akamsaidie shamba na mbuzi. "Kama hataki kitabu, jembe halimkatai mtu." Alisema hivyo wakati wa chakula, na Athumani akajibu, "Ndiyo, baba," akaendelea kula kwa adabu. Nilimwona hamezi. Mashewa ni mahali pazuri, na shangazi alikuwa mtu wa vicheko. Lakini sote tulielewa kwamba hapelekwi Mashewa kwa sababu Mashewa kunamhitaji. Anapelekwa kwa sababu hapa hatakiwi.

Basi ndipo kilipokuja kisomo.

Mnakumbuka kisomo cha watu wazima! Taifa lote liliambiwa kusoma, kuanzia mchunga mbuzi hadi bibi asiye na meno. Kwetu darasa lilikuwa kwenye ghala la kijiji, alasiri, wanafunzi wamekalia magunia. Wazee waliotuamrisha "kasome!" sasa wakawa wanatuuliza njiani, kwa sauti ya chini, "Hivi ile yenye mkia chini ni ipi?" Mzee mmoja jirani yetu alikuwa akijificha kwenye kihenge cha mahindi kila saa ya kisomo ikifika, na mkewe anamtoa kwa moshi. Tulicheka, Mungu atusamehe, mpaka mbavu zikauma.

Mama alikwenda kama mtu aliyekuwa akisubiri maisha yake yote. Baada ya mavuno ya kunde alikuwa anasoma kila kitu. Anasoma sabuni. Anasoma gunia. Dukani anasoma kopo la mafuta ya Kimbo mpaka muuza duka anamwomba apishe wenzake. Ukipita naye njiani mnasimama kila penye bango.

Na baba? Baba alikwenda siku za kwanza na shati la Idi. Kisha nikaona anarudi kimya. Kisha nguruwe pori wakazidi shambani. Ikawa kila siku ya kisomo ndiyo siku ya nguruwe. Mama akimuuliza, anasema, "Wewe soma, Mama Athumani. Mimi nikisoma, tutakula nini?" Sisi tuliamini. Nguruwe walikuwepo kweli.

Likizo ikaingia, mahindi yakaanza kukomaa, na baba akamchukua Athumani kufukuza nyani mchana. Tulikuwa na dungu shambani, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu, ambamo mlinzi anakaa na manati yake na bati la kugonga. Mama alinituma na chakula. Nilifika chini ya dungu, nikiwa nataka kuita, nikasikia sauti ya baba, na haikuwa sauti ninayoijua.

"Athumani."

"Naam, baba."

"Hivi mwalimu akikuonyesha herufi, wewe unaona nini?"

Swali la namna hiyo lilikuwa na kofi nyuma yake.

"Sema tu. Leo fimbo zote ni za nyani."

"Zinakuwa kama kumbikumbi, baba. Wakitoka kwenye kichuguu. Namshika huyu, namgeukia wa pili, nikirudi kwa yule wa kwanza ameruka."

Nilisikia baba anapekua kikapu. Nikachungulia katikati ya miti, nikaona anatoa kitabu cha kisomo, kimekunjwa ndani ya kitambaa cha chakula.

"Mimi kwangu," akasema taratibu, "ni kama mbuzi wa Wamasai wakipita. Huyu nimemjua, ana baka mgongoni. Akigeuka upande wa pili, simjui tena. Nakuja nacho huku kila siku. Nilidhani nikiwa peke yangu watatulia."

"Na wewe, baba?"

"Na mimi."

"Lakini mama anasoma."

"Mama yako ni mtu mwingine. Juzi kasoma gunia la mbolea mpaka mwisho, na mbolea yenyewe hatuna."

Athumani akacheka. Ilikuwa siku nyingi sijamsikia akicheka. Baba naye akacheka, wakachekana mpaka dungu likatikisika, na nyani, ambao huwa hawakosi nafasi, walikuwa wameshaingia mstari wa pili wa mahindi. Baba akageuka, akaguta, akamrushia dume lao kitu cha kwanza alichokishika, nacho kilikuwa kitabu cha kisomo. Yule nyani akakiokota. Akakigeuza huku na huku. Akakinusa, akakitupa, akachukua hindi akaondoka.

"Mwone," akasema baba, "na yeye zinamruka."

Nilicheka kwa nguvu hata wakanigundua. Nilipopanda na chakula, mkono wa baba ulikuwa juu ya kichwa cha Athumani, umetulia hapo kama kofia. Alikula kwa mkono wa kulia na ule wa kushoto hakuuondoa.

Lakini hakusema neno juu ya Mashewa. Wala Athumani hakuuliza. Siku zikapita, mahindi yakavunwa, na shangazi akafika kwa miguu na kwa lori, na bakora yake na vicheko vyake, kumchukua kijana. Mama alikunja nguo za Athumani kwenye kanga, akaifunga fundo, akaifungua, akaifunga tena. Athumani akaenda kwa Maalim kuaga. Alirudi na tasbihi ya mbegu ambayo Maalim alimpa, akaivaa shingoni kwa sababu mifuko ya kaptura yake ilikuwa imetoboka.

Safari ilikuwa kesho yake. Siku hiyo ya kuaga ndiyo iliyokuwa siku ya mtihani wa kisomo, kijiji kizima kipo kwenye ghala, na mkaguzi amekuja kutoka wilayani na mkoba wa ngozi. Sisi watoto tulijazana madirishani. Mtu anaitwa, anasimama, anasoma maneno ubaoni. Mama alisoma kama anayekimbizwa, akapigiwa vigelegele. Yule mzee wa kihenge alisoma maneno mawili, akasema yaliyobaki amewaachia wajukuu.

"Mbaruku Mhina."

Hatukutarajia kumwona. Shati la Idi, kofia nyeupe, akapita katikati ya magunia, akasimama mbele ya ubao. Akautazama. Mtu mzima, mzee wa msikiti, anayesikilizwa akisema. Angeweza kusingizia macho. Wengi walifanya hivyo siku ile.

"Bwana mkaguzi," akasema, "jembe ninalijua na ardhi hii inanijua. Lakini herufi hizi kwangu hazitulii. Nimejaribu na watu, nimejaribu peke yangu. Si uvivu, Mungu ni shahidi."

Watu wakaanza kunong'ona. Baba akainua mkono.

"Sijamaliza. Mwanangu Athumani yupo dirishani pale. Mmemwita Redio mbovu, na mimi babaye nimemwita mvivu. Redio haina ubovu. Ugonjwa wa herufi ameurithi kwangu, pamoja na masikio haya." Akayashika yote mawili, akayavuta. "Basi anayetaka kumcheka, anianze mimi."

Nani angeanza? Kicheko kikaja, lakini kile cha upendo, kinachomkumbatia mtu. Yule mzee wa kihenge akasimama. "Mbaruku, mbona hukusema mapema? Mimi nimekula moshi miezi yote hii nikidhani niko peke yangu!"

Shangazi alikuwa mlangoni. "Kaka," akaita juu ya vichwa vya watu, "sasa mimi nimekuja kufuata nini?"

"Umekuja kutusalimia, dada. Mvua zimeanza, kuna kumbikumbi. Kula ushibe. Kijana haendi."

Athumani hakuwepo tena dirishani. Nilimkuta nyuma ya ghala, amekaa chini, ameshika tasbihi ya Maalim, analia na kucheka kwa pamoja. Tulirudi nyumbani, na kabla hatujaingia ndani alikigeuza kinu, akapanda juu yake, akakohoa. "Ifuatayo ni taarifa ya habari," akasema, na akasoma mtihani wa kisomo wote, kila mtu na sauti yake, mpaka shangazi akaomba maji.

Jioni hiyo baba alikwenda kwa Maalim Shabani, na kesho yake kwa Mwalimu Komba. Kwa Maalim nilikwenda naye, na nakumbuka alivyopangusa miwani.

"Nilikuwa namtazama mtoto huyu," Maalim akasema. "Nabii Musa aliona ulimi wake mzito, akamwomba Mungu ampe nduguye Haruni awe msaidizi wake. Musa hakuwa mdogo mbele ya Mungu kwa sababu hiyo." Akanigeukia mimi. "Mwanaidi, wewe ndiye Haruni wake. Utamsomea, yeye atashika. Na herufi tutampa kwa mkono, si kwa jicho."

Alimaanisha hivi. Tulimwaga unga kwenye ungo, Athumani anaandika herufi moja kubwa kwa kidole, anaitamka, anaifuta, anaandika tena, mpaka mkono wenyewe unaijua. Mama aliona unga wake, akapiga kelele, tukahamia mchanga wa mtoni. Herufi moja kwa siku nyingi. Na baba, ambaye alianza kwa kutazama tu, akavuta kigoda. Vidole viwili kwenye ungo mmoja, kimoja kikubwa kimepasuka kwa jembe, kingine kidogo. Wakishindana. Wakilaumiana.

"Hiyo umeigeuza, baba."

"Nimeigeuza, au imejigeuza?"

Mwalimu Komba naye, sijui baba alimwambia nini, akawa anamwacha Athumani ajibu maswali kwa mdomo. Jina la Redio mbovu lilikufa lenyewe, maana kulitamka ilikuwa kumtukana Mzee Mbaruku, na hakuna mtoto aliyekuwa na ujasiri huo.

Athumani alimaliza darasa la saba pamoja nami. Hakuchaguliwa kuendelea, kama wengi wetu hatukuchaguliwa, na hakuna aliyemlaumu. Anasoma mpaka leo, taratibu, kwa kidole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Amelima michungwa, ameoa, amesomesha watoto, na adhana ya msikiti wetu mnayoisikia alfajiri ni sauti yake. Baba hakupata cheti cha kisomo. Alijifunza kuandika jina lake, akaliandika kwa mkaa juu ya mlango wa dungu, kwa ajili ya nyani, alisema. Mungu amlaze mahali pema.

Siku hizi mambo yana majina. Mjukuu wa Athumani, Zuhura, anasoma Korogwe mjini. Mwaka uliopita mwalimu wake aliwaita wazazi, akawaeleza kwa upole kwamba mtoto ana akili nzuri ila ana disleksia, yaani ugumu wa kutambua na kusoma herufi, na kwamba mara nyingi hupita katika ukoo. Mama wa mtoto alifika kwetu macho mekundu, anadhani ametuletea msiba. Athumani akamuuliza, "Masikio yake makubwa?" Tukaanza kucheka, na yule mama akatutazama kama anayetaka kutupeleka Lutindi.

Ninawafurahia watoto wa leo. Wana mwalimu anayejua jina la jambo, na hawatanyweshwa zafarani bure. Wana simu inayomsomea mtu kwa sauti, na Athumani anasema huyo ndiye Redio halisi, yeye amestaafu. Vijana wakimtumia ujumbe, maneno yamekatwa vichwa na miguu, ananiletea nimsomee, na mimi niliyemaliza vitabu nashindwa. "Alhamdulillahi," anasema, "hatimaye taifa zima limenifikia."

Lakini enzi zetu tulikuwa na kitu ambacho natamani wangekuwa nacho. Aibu ya mtu mmoja ilikuwa na mahali pa kwenda kusemwa, ghala zima likasikia, na likaibeba naye. Leo kila mzazi anaibeba peke yake kwenye simu, anauliza watu asiowajua.

Wiki iliyopita nilipita kwa Athumani. Alikuwa barazani, Zuhura yupo likizo, ungo wa mchanga upo kati yao. Ni ungo mwingine, ule wa mama ulikwisha kuoza zamani. Mtoto aliandika herufi, akaifuta, akakasirika.

"Babu, na wewe zilikuwa zinaruka?"

"Mpaka leo, mjukuu wangu. Tusogeze vigoda. Tuwangoje kumbikumbi hawa watue."

Akaweka kidole chake kando ya kidole cha mtoto.

Wewe uliyenisoma mpaka hapa, kwa macho au kwa kusomewa, Mwenyezi Mungu akufungulie yaliyo mazito kwako, akupe mtu wa kukaa nawe kwenye ungo mmoja, na watoto wako awajalie wazazi wasioona haya kufanana nao. Amina.